Wana Dodoma: nataka kukimbia kilomita 42 kuchangisha hela ya utafiti wa Duchenne, naombeni mwongozo

Mjomba wa Nkuhungu (mleta mada)

Habari zenu wakuu, niende moja kwa moja maana hili jambo linaninyima usingizi. Dada yangu ana mtoto wa kiume yuko darasa la pili, ana ugonjwa unaitwa Duchenne. Ni ugonjwa wa kurithi wa misuli, misuli inakufa taratibu kuanzia ya mapaja na nyonga, baadae mikono, mwisho unafika kwenye moyo na kwenye pumzi. Mpaka kuujua tumezunguka sana, wengine walisema mtoto mvivu, wengine wakasema miguu bapa, kuna hospitali moja walikomaa na ini kwa sababu vipimo vya ini vilikuwa vinatoka juu, kumbe vile vimeng'enya wanavyopima viko hata kwenye misuli, misuli ikiwa inabomoka navyo vinapanda.

Aliyeugundua ni daktari kijana tu. Akatandika mkeka chini, akamwambia dogo kaa, haya simama. Dogo akageukia chini, akapiga magoti, akanyanyua makalio juu kwanza, alafu akashika magoti kwa mikono, akawa anajipanda mwenyewe, mkono juu ya mkono kwenye mapaja mpaka akasimama wima. Ndo anavyoamkaga nyumbani kila siku. Daktari akashika vile vigimbi vya miguu vimejaa utafikiri vya mcheza mpira, hakuongea sana, akaandika kipimo cha CK, yani kimeng'enya cha misuli kwenye damu, majibu yalivyokuja ilikuwa juu mara makumi ya kiwango cha kawaida.

Sasa mimi niko na jogging klabu yetu huku Nkuhungu, kilomita 10 namaliza vizuri tu. Nataka niende Kilimanjaro Marathon pale Moshi nikimbie 42 nzima. Nimeichagua hiyo kwa sababu inaangukia kipindi cha mwisho wa Februari, na siku ya magonjwa adimu duniani ni tarehe ya mwisho ya Februari, ilianza 2008 tarehe 29, waliichagua makusudi kwa sababu ndo tarehe inayopatikana kwa nadra kuliko zote. Nataka watu wanichangie kwa kila kilomita, hela iende kwenye utafiti wa dawa ya huu ugonjwa, siyo kwangu wala kwa dada.

Ninachoomba: mtu wa kilomita 10 anafikaje 42 bila kuumia, na kwa hali ya hewa yetu hii ya jua na vumbi? Hela nazikusanyaje watu waniamini, maana najua mitandaoni watu wameshaumizwa? Na kubwa zaidi, utafiti wenyewe unafanyika wapi, hela ya mtu wa Dodoma inafikaje huko na inafanya nini? Nashukuru mapema.

Kocha wa Alfajiri

Mdogo wangu, pole kwa familia, mpe dada pole zetu. Nimefundisha vijana kukimbia hapa Dodoma muda mrefu kwa hiyo mi ntajibu la miguu tu, ya hela na ya maabara wapo wenyewe.

Kama kweli 10 unamaliza huku unaweza kuongea na mwenzio, miezi mitano inakutosha. Siku 4 za kukimbia kwa wiki, usizidishe. Tatu ziwe fupi, moja ndo mbio ndefu, hiyo ndefu unaongeza kilomita mbili mbili kila wiki, wiki ya nne unapunguza mwili upumzike, alafu unaendelea. Ukifika 30 au 32 inatosha, hakuna haja ya kukimbia 42 mazoezini, hiyo 32 iwe kama wiki tatu kabla ya siku yenyewe, baada ya hapo unapunguza mpaka unafika Moshi miguu ina hamu. Na mbio ndefu ikimbie polepole, polepole kweli, vijana wengi wanaharibikia hapa, anakimbia ndefu kama anafukuzwa, wiki inayofuata goti limevimba.

Njia ya Moshi ndo usiidharau. Nusu ya kwanza ni tambarare unatoka na barabara kuu unarudi mjini unajiona uko fiti, alafu nusu ya pili unapanda kwenda Mweka, mlima unakukuta wakati miguu imeshatumika, ukimaliza kupanda unateremka kurudi uwanja wa Ushirika na huko kuteremka ndo kunavunja mapaja kuliko kupanda. Kwa hiyo usijifungie kwenye lami ya tambarare. Nenda milima ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mara moja kwa wiki, panda, alafu jifunze na KUTEREMKA, hatua fupi, usipige kisigino. Faida tuliyonayo Dodoma tuko juu ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, Moshi mjini ni chini kidogo ya hapa, kwa hiyo pumzi ya kuanzia unayo.

Jua: saa 11 alfajiri uwe barabarani, saa 1 na nusu uwe umemaliza, mbio ndefu ndo zikusogeze kidogo. Ukitumia barabara ya Dar kwenda Ihumwa na Mtumba kimbia upande wa kulia ili malori uyaone yanakuja usoni, na uvae kizibao cha kung'aa, hili nasisitiza, ile barabara alfajiri ina malori mengi. Miezi ya upepo vumbi likizidi funga kitambaa, siyo aibu.

Maji kunywa kidogo kidogo, lakini usijaze tumbo maji matupu kwa saa nne, chumvi inashuka mwilini mtu anaanguka, changanya ORS au kunywa juisi ya ubuyu yenye chumvi kidogo na sukari, ubuyu kwetu hausumbui. Chakula kile kile cha nyumbani, ugali wa uwele, mlenda, maharage, karanga, uji wa ulezi kabla ya mbio ndefu. Viatu: vya mtumba pale Sabasaba sawa, ila vikunje kwa mikono, kikikunjika katikati kama kitambaa kiache, soli imekufa, kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapokunjika.

Na ukiona mlima wa Mweka unakutisha kumbuka uko kanda ya nani. Juma Ikangaa aliyeshinda New York 1989 kwa saa 2:08:01 alizaliwa Dodoma hapa hapa. Alphonce Simbu ni mtoto wa Singida, Septemba 2025 kule Tokyo kachukua dhahabu ya dunia ya marathoni, kamzidi Mjerumani aliyekuwa wa pili kwa sekunde 0.03, baada ya kilomita 42 zote. Huku kwetu watu wanakimbia.

Mama Wawili Ihumwa

Kaka pole sana na ugonjwa wa mtoto. Mimi ntaongea tofauti kidogo na naomba usichukie.

Mwanangu mmoja ana selimundu, kwa hiyo maisha ya kliniki nayajua. Mtoto wa Duchenne anahitaji vitu vingi leo, siyo kesho. Anahitaji zile steroidi za kila siku zinazochelewesha misuli kuisha, anahitaji eko ya moyo kila baada ya muda, mtu wa kumnyoosha miguu ili vifundo visikaze, kiti cha magurudumu siku ikifika, na shule ambayo choo chake kiti kinaingia. Sasa nauli tu ya kumpeleka mtoto hospitali kubwa ni mtihani. Hela utakayoipata kwa kukimbia, tuseme milioni mbili au tatu, ukiipeleka kwenye utafiti Ulaya au Marekani itatumika kufanya nini? Maabara kule wanaongelea mamilioni ya dola. Kwa nini isimsaidie huyu mtoto na wenzie waliopo hapa?

Sisemi utafiti hauna maana, Mungu anisamehe, utafiti ndo umemuweka mwanangu hai. Ile hydroxyurea anayokunywa ilianza kama dawa ya saratani, Marekani waliiruhusu kwa selimundu ya watu wazima 1998, lakini huku Afrika ilisubiri mpaka watu walipofanya utafiti kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, majibu yakatoka 2019 yakaonyesha inafaa na kwa watoto wetu wenye malaria na lishe zetu. Na leo hapo hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza uloto kwa watoto wa selimundu toka 2023, hapa hapa Dodoma, nani angeamini. Lakini angalia, selimundu kwa Marekani inahesabiwa ugonjwa adimu, wagonjwa kama laki moja tu, sisi Tanzania wanazaliwa watoto kama 11,000 kila mwaka. Ndo maana nasema mambo ya adimu yanategemea umesimama wapi, na anayepanga utafiti akiwa amesimama mbali sisi hatuonekani.

Kijana wa Chang'ombe

Wazo zuri ila mkuu nakwambia ukweli, ukiweka namba yako ya simu binafsi hapa hakuna atakayetuma. Watu wameshatapeliwa sana, picha ya mtoto wa watu inachukuliwa mtandaoni inawekewa namba ya tapeli. Mimi mwenyewe nitachangia nikiona mpangilio.

Maabara Makulu

Mleta mada nimesoma hii kitu mara mbili, nashukuru ulivyoielezea ile namna ya kuamka. Hiyo inaitwa dalili ya Gowers, imesaidia madaktari toka karne ya 19 na haihitaji mashine wala umeme, mkeka tu. Kila mwalimu wa chekechea angeijua tungewakamata watoto mapema zaidi.

Naomba nimjibu Mama Wawili kwa heshima zote, maana swali lake ndo lenyewe. Ili ujue hela ndogo inaweza kufanya nini inabidi ujue ugonjwa ulivyo. Kuna protini inaitwa distrofini, kazi yake kuishikilia seli ya msuli isichanike msuli unapojikunja. Jeni inayoitengeneza iko kwenye kromosomu X, iligunduliwa miaka ya 1986 na 1987, na ni moja ya jeni ndefu kuliko zote za binadamu, ina vipande 79 vinaitwa eksoni. Ndo maana siku ya Duchenne duniani ni tarehe 7 mwezi wa 9. Mtoto mmoja amekosa kipande cha 45 mpaka 50, mwingine kimejirudia kipande cha 2, mwingine herufi moja tu imebadilika. Wote wanaumwa ugonjwa mmoja lakini hitilafu siyo moja.

Sasa dawa mpya zinafuata hitilafu. Mwaka 2016 Marekani waliruhusu dawa inaitwa eteplirsen, inamfaa mtoto ambaye eksoni ya 51 ikirukwa mstari unasomeka tena, hao ni kama asilimia 13 ya wagonjwa, na hata hapo distrofini inayopatikana ni kidogo na wataalam wamebishana sana kuhusu faida yake. 2023 ikaja tiba ya jeni, sindano moja kwa dola milioni 3.2, na 2025 kuna wagonjwa walikufa kwa ini kufeli baada ya kuchomwa, ikawekewa masharti makali. Nayasema haya ili mtu asije akadhani tiba iko dukani kinachokosekana ni hela tu. Bado watu wanatafuta.

Kwa hiyo hela ya mbio ya mtu mmoja wa Nkuhungu haiwezi kutengeneza dawa, hapo Mama Wawili uko sahihi kabisa. Lakini kuna kazi moja ya utafiti ambayo mtu wa Boston au London hawezi kutufanyia, ni kujua watoto WETU wana hitilafu gani. Mtoto wa Dodoma ambaye hana majibu ya jeni hata dawa ikija kesho hajulikani inamfaa au haimfai, hawezi kuingia kwenye jaribio lolote, kwenye vitabu ni kama hayupo. Kuna mtandao wa rejista za dunia unaitwa TREAT-NMD, kampuni na wanasayansi wakitaka kupanga jaribio wanaenda kuuliza huko, wenye hitilafu fulani wako wangapi na wako nchi gani. Kipimo cha jeni cha familia chache, kikaandikwa vizuri, kikaingia kwenye rejista, huo ni utafiti kamili na milioni chache zinaweza kuuanzisha.

Faida nyingine ni ya dada yako moja kwa moja. Karibu theluthi mbili ya hawa watoto wamerithi kwa mama ambaye haumwi, theluthi moja hitilafu imeanza kwao wenyewe. Mama akiwa anaibeba, kila mtoto wa kiume atakayezaa ana nusu kwa nusu, na wasichana nao nusu wanaweza kuibeba, na mama mwenyewe apimwe moyo maana wabebaji wengine moyo wao unachoka. Hakuna aliyelogwa wala aliyekosea, jeni ndo zilivyo. Hili waambieni ndugu wa upande wa mume mapema.

Tahadhari moja: usikusanye sampuli wala majina ya wagonjwa mwenyewe hata kama nia ni njema. Utafiti kwa binadamu unahitaji kibali cha maadili, kitaifa kinatolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na sampuli za utafiti kwenda nje zina mkataba wake. Tafuta daktari wa watoto au wa mishipa ya fahamu aliye kwenye hospitali ya chuo, awe ndo mwenye utafiti, wewe uwe mchangiaji. Na wasiliana na Ali Kimara Rare Diseases Foundation, ni Watanzania wenzetu wanaoshughulika na magonjwa adimu, familia nyingi zimepita kwao.

Mjomba wa Nkuhungu (mleta mada)

Shikamoo kocha, na nashukuruni wote. Mama Wawili sijachukia hata kidogo, dada yangu alivyosoma alisema huyo mama anaongea ninayoyawaza mimi usiku.

Nimekaa nae jana, yeye msimamo wake ni kwamba mtoto wake dawa ataendelea kuzitafuta yeye na mume wake na ukoo, hataki mbio iwe ya mtoto wake peke yake, anataka iwe ya ugonjwa. Alafu picha ya mtoto amekataa kabisa. Anasema mtoto atakua, atasoma, hataki aje kukuta uso wake umesambaa na maneno ya huruma. Mi nimekubaliana nae.

Maabara swali, tukisema hela ilipie vipimo vya jeni, je mtu hatasema huo siyo utafiti ni matibabu?

Maabara Makulu

Akipimwa majibu yakaishia kwenye faili la mtoto ni matibabu. Akipimwa kwa mpango ulioandikwa, kwa ridhaa ya mzazi, majibu yakaingia rejista yakalinganishwa na ya wengine ni utafiti, na mtoto bado anapata majibu yake. Kwa Duchenne hivi vitu vinatembea pamoja. Ndo maana mimi siioni ile ya kuchagua kati ya mtoto na utafiti kama ilivyo kwenye magonjwa mengine.

Na hela za wananchi kuanzisha utafiti siyo hadithi. Ule ugonjwa wa mapafu wa cystic fibrosis, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa na wazazi ilikuwa inachangisha kwa matembezi na mbio na hafla miaka na miaka, mwaka 2000 wakaanza kuweka hela kwenye kampuni itafute dawa wakati wawekezaji hawaitaki, 2012 dawa ya kwanza ikatoka, mwanzoni ilifaa kama asilimia 4 tu ya wagonjwa, 2019 ikatoka nyingine inayofaa wengi. Taasisi ikauza haki zake 2014 kwa dola bilioni 3.3 na hela ikarudi kwenye utafiti. Kwa Duchenne wazazi wa Marekani walianzisha Parent Project Muscular Dystrophy 1994, nao wana timu zao za kukimbia.

Mhasibu Area C

Naona la hela halijajibiwa vizuri. Kaka sisi Watanzania tunajua kuchangisha, harusi ya mtu wa kawaida tunaikusanyia milioni 15 kwa miezi mitatu kwa kadi na vikao na hakuna anayesema utapeli, kwa sababu kuna kamati, kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina ambaye siyo bwana harusi, na kila kikao taarifa inasomwa nani kaahidi nani kalipa. Fanya vile vile. Wewe mkimbiaji usiguse hela, uwe bwana harusi.

Fungua akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, mmoja wao asiwe ndugu yenu, na lipa namba iwe kwa jina la kikundi ili mtu akituma aone jina linatokea hilo hilo lililoandikwa kwenye kadi. Kabla ya kusambaza kadi nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na wa jiji, uliza taratibu za kuchangisha umma na usajili wa kikundi, upewe barua. Ukiwa na barua hata kwenye kanisa na msikiti wanakupa nafasi ya kutangaza. Kila Ijumaa weka kwenye grupu picha ya taarifa ya akaunti, waliotoa wawe na namba tu, siyo majina kamili.

Ahadi ya kwa kilomita ni nzuri. Mtu akisema 500 kwa kilomita ni 21,000, akisema 1,000 ni 42,000, hata mama wa genge anaweza kusema 50 ikawa 2,100 na amehesabika. Ukipata watu 100 wa 500 umeshagusa milioni mbili na laki moja. Nauli na malazi ya Moshi na hela ya usajili wa mbio vitoke mfukoni kwako au mfadhili aseme hii ni ya nauli, visichanganyike. Na uandike toka mwanzo usipomaliza 42 inakuwaje, mi nashauri ahadi ibaki pale pale kwa kila kilomita uliyokimbia.

Angalia pia wakubwa wanavyofanya, NBC Dodoma Marathon ya hapa kwetu inajulikana kwa saratani ya mlango wa kizazi, CRDB Marathon kwa upasuaji wa moyo wa watoto. Mtu akiulizwa hela inaenda wapi anajibu kwa sentensi moja. Na wewe tafuta sentensi yako moja, hii ya kipimo cha jeni kwa watoto wa kanda ya kati naiona inaeleweka kuliko kusema utafiti wa dawa.

Kuhusu picha dada yuko sahihi, na siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya za mtoto siyo za kuchezea.

Bibi Harusi wa Manyoni

Jamani habari zenu. Mimi huwa nasoma tu siandikagi. Nimeisoma hii mara ya kwanza usiku nikashindwa kulala, nikamuamsha mtoto wangu asubuhi nikamwambia kaa chini simama. Amesimama HIVYO HIVYO kama ulivyoandika kaka, mikono kwenye magoti anapanda. Ana miaka mitano, anaanguka anguka sana, ngazi anashika ukuta, vigimbi vyake vigumu. Kituo cha afya wameniambia ni upungufu wa madini. Mjomba wangu, yani kaka wa mama yangu, alifariki kijana hajawahi kutembea vizuri, walisema alirushiwa kitu. Nifanyeje, nianzie wapi, mimi ni mtu wa huku kijijini na mume wangu yuko machimbo.

Maabara Makulu

Dada pole, tulia kwanza. Kuamka hivyo kunaonyesha misuli ya nyonga ni dhaifu, kuna magonjwa mengine pia yanafanya hivyo na mengine yana nafuu kubwa, kwa hiyo usijihukumu kwa kusoma mtandaoni. Ila hiyo habari ya mjomba upande wa mama ni muhimu sana, usiache kumwambia daktari, iseme mwanzo kabisa kabla hajauliza.

Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, waambie maneno haya: mtoto anaamka kwa kujishika mapaja, anaanguka, vigimbi vimejaa, naomba apimwe CK. Ni damu tu kidogo. Kama hapo hawapimi, omba rufaa uje Dodoma. Ikitoka juu sana utahitaji daktari wa watoto anayejua mishipa na misuli. Wakati unasubiri usimlazimishe kupanda ngazi wala kuruka kamba kwa kumtia nguvu, kucheza kwake kwa kawaida acha acheze. Na ukienda hospitali kwa jambo lolote la kupasuliwa au kulazwa usingizi, sema kuna wasiwasi wa ugonjwa wa misuli, kuna dawa za nusu kaputi ambazo ni hatari kwao.

Mama Wawili Ihumwa

Mdogo wangu wa Manyoni ukija Dodoma fikia kwangu Ihumwa, usilipe gesti. Nitumie ujumbe pembeni tupange, hospitali tutaenda wote, mimi mapokezi na mafaili nayajua.

Mjomba wa Nkuhungu (mleta mada)

Dada wa Manyoni, dada yangu anaomba namba yako nae, anasema muongee kwa simu maana kuandika haitoshi.

Wakuu nimekaa na klabu leo jioni, tumeamua hivi. Mbio ni 42, siyo 21, watu 6 wa klabu watakimbia 21 kunisindikiza na wao wanachukua kadi. Mwenyekiti wa kamati ni katekista wa mtaani kwetu, mweka hazina ni mama mmoja wa vikoba ambaye hana undugu na sisi. Sentensi yetu ni hii, kila mtoto wa kanda ya kati mwenye dalili za Duchenne apate kipimo cha jeni na aingie kwenye rejista. Dodoma na Singida kwanza. Dada yangu anaandika barua kwa daktari wa mtoto tumuulize kama yuko tayari kusimamia na kuomba kibali, na tunaandikia Ali Kimara. Kama daktari atasema kibali kitachukua muda mrefu kuliko mbio, hela itakaa kwenye akaunti na taarifa mtaiona kila Ijumaa. Mama Wawili, tumeongeza kitu kwa sababu yako, asilimia kumi inatengwa kwa nauli za mama na mtoto kufika kwenye kipimo, maana kipimo bila nauli hakina mtu.

Mama Wawili Ihumwa

Bado naona asilimia kumi ni ndogo kwa mtu anayetoka Manyoni au Mpwapwa ndani ndani, fanyeni ishirini, mtakuja kuniambia. Niandikeni 500 kwa kilomita, na ya dada wa kanisani kwangu 200. Kadi naomba kumi nizisambaze Ihumwa.

Kijana wa Chang'ombe

Hapa sasa nimeona mpangilio. 1,000 kwa kilomita. Na nina bodaboda, siku za mbio ndefu naweza kukaa nyuma yako na maji na taa kwa ajili ya malori.

Kocha wa Alfajiri

Kijana umeongea la maana, bodaboda yenye taa nyuma ya mkimbiaji kwenye barabara ya Dar alfajiri ndo ulinzi.

Mjomba, Jumamosi saa 11 kamili alfajiri nje ya uwanja wa Jamhuri, njoo na hao sita wako. Tunakimbia 12 polepole, naangalia miguu inavyotua na viatu vyenu, alafu nakupa ratiba ya wiki 20 umeandikiwa kwenye karatasi. Usije umekula chapati.

Mhasibu Area C

Nakuja na daftari la kadi hapo hapo Jamhuri, mweka hazina aje tukae nusu saa. Asilimia ya nauli iamuliwe kwenye kikao siyo humu, mimi namuunga mkono Mama Wawili.